Jayaben Desai: Mama wa Sari Aliyegomea London



Leo nataka tumzungumzie mama mmoja ambaye kimo chake hakikutimia futi tano, lakini alimwambia meneja wake maneno ambayo wanachama wa vyama vya wafanyakazi Uingereza wanayarudia mpaka leo. Alimwambia kwamba hapa unapoendesha wewe si kiwanda, ni bustani ya wanyama. Na katika bustani ya wanyama wamo nyani wanaocheza kwenye ncha za vidole vyako, lakini wamo na simba wanaoweza kukung'oa kichwa. Sisi, akasema, ndio hao simba. Akachukua vitu vyake, akatoka, na kijana wake Sunil aliyekuwa akifanya kazi humo humo akatoka nyuma yake.

Huyo ni Jayaben Desai. Mahali ni Willesden, kaskazini-magharibi mwa London, na siku ni Ijumaa tarehe 20 Agosti 1976. Na kama unajiuliza Mhindi wa London anatuhusu nini, vuta subira. Jayaben aliishi kwetu.

Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1933 huko Dharmaj, Gujarat, magharibi mwa India. Mwaka 1955 akaolewa na Suryakant Desai, aliyekuwa meneja wa kiwanda Tanganyika, na baadaye wakaishi huku kama mume na mke. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakahamia Uingereza. Wenye umri wao wanakumbuka jinsi miaka ile ilivyokuwa ya wasiwasi kwa Wahindi wa Afrika Mashariki waliokuwa na pasi za Kiingereza. Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara mwaka 1967. Uingereza nayo ilipoona watu wanashuka viwanja vya ndege kwa mamia, mwaka 1968 ikapitisha sheria ya haraka haraka kuwafungia mlango hata wale waliobeba pasi yake yenyewe. Mwaka 1971 hapa Tanzania majumba ya kupangisha yakataifishwa. Mwaka uliofuata Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Kila wimbi liliwatupa watu wake katika maeneo yale yale ya Uingereza: Brent, Harrow, Leicester.

Sasa tuseme ukweli bila kuumauma maneno. Familia nyingi kati ya hizo, zilipokuwa huku, ndizo zilizokuwa zikiajiri. Zilikuwa na yaya, mpishi na mfua nguo, na ujira waliowalipa sisi tunaujua. Mpanda ngazi hushuka. Bwana Suryakant, meneja wa jana, alifika Uingereza akawa kibarua asiye na ujuzi. Mkewe akaanza kwa kushona cherehani kwa malipo madogo, na mwaka 1974 akapata kazi Grunwick, kiwanda kile cha Willesden. Lakini msikilizaji usije ukachukua hapo ukadhani Mhindi wa Afrika Mashariki na chama cha wafanyakazi hawakujuana. Makhan Singh ndiye aliyeanzisha chama cha wafanyakazi cha Kenya mwaka 1935, na mwaka 1949 yeye na Fred Kubai wakaunda shirikisho la vyama la Afrika Mashariki. Wakoloni walimweka kizuizini kwa zaidi ya miaka kumi kwa ajili hiyo. Mbegu ilikuwako.

Grunwick ilikuwa inasafisha picha. Vijana wa simu za leo hawaijui shughuli ile. Ulikuwa unapiga picha zako zote, mkanda ukiisha unautoa kwenye kamera, unautia kwenye bahasha pamoja na hundi ya malipo, unatumbukiza posta, kisha unangoja picha zikurudie kwa posta hiyo hiyo. Msimu wa kazi ulikuwa kiangazi, watu wakirudi likizo na mikanda yao ya harusi na ya ufukweni. Na kiangazi cha mwaka 1976 kilikuwa cha joto kali mno Uingereza, la kuwafanya Waingereza wenyewe walalamike.

Jayaben alifanya kazi katika chumba cha kupokea bahasha. Wanawake wamekaa kwa safu, wanafungua, wanahakiki hundi, wanaandika, wanapanga, na meneja anawatazama kutoka ofisi yenye kuta za vioo. Ukitaka kwenda chooni unaomba ruhusa. Saa za ziada hukuulizwa kama unazitaka. Uliambiwa jioni ile ile kwamba leo hutoki, na kama una mtoto anakungoja nyumbani hiyo ni shauri yako. Malipo yalikuwa kiasi cha pauni 28 kwa wiki ya saa 40, wakati wastani wa mwanamke mfanyakazi wa kazi za mikono wa kutwa London ulikuwa pauni 44. Wengi wa wanawake wale walikuwa Wagujarati waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania. Waliajiriwa kwa sababu ilidhaniwa watanyamaza. Na mwenye kampuni, George Ward, hakuwa mgeni wa India: alizaliwa Delhi, mwenye damu ya Kihindi na ya Kizungu. Kwa hiyo anayetaka kuifanya hadithi hii iwe ya rangi tu, ataona inamponyoka mkononi.

Ijumaa ile mchana kijana mmoja alikuwa ameshafukuzwa kwa madai kwamba anafanya kazi polepole, na wenzake watatu wakatoka naye. Jioni, Jayaben akiwa amekwisha kufunga kazi yake anataka kwenda nyumbani, akaambiwa abaki. Hapo ndipo aliposema habari ya simba. Jumatatu asubuhi yeye, mwanawe na vijana wale wakasimama langoni na karatasi za kukusanya sahihi. Wenzao wakaanza kutoka. Haikupita muda mrefu wakawa 137 kati ya wafanyakazi wapatao 490.

Chama hawakuwa nacho. Walikwenda kuuliza ofisi ya ushauri kwa raia, wakaelekezwa kwa baraza la vyama vya wafanyakazi la Brent, ambalo katibu wake alikuwa kijana anayeitwa Jack Dromey, na kutoka hapo wakaandikishwa katika chama cha makarani kiitwacho APEX. Kampuni ikajibu kwa kuwafukuza wote. Wote, msikilizaji, na neno hilo lilikuwa na hesabu yake. Sheria ya Uingereza wakati ule ilisema mwajiri akiwafukuza baadhi ya waliogoma na kuwaacha wengine, wanaweza kumshtaki. Akiwafukuza wote pamoja, mahakama ya kazi haina la kusema.

Kwa hiyo mgomo haukuwa tena wa saa za ziada wala wa choo. Ulikuwa wa mambo mawili: turudisheni kazini, na mkitambue chama chetu.

Nani angeibana Grunwick? Benki isingeibana, wala maduka. Koo lake lilikuwa posta. Hakuna barua, hakuna mikanda, hakuna hundi. Tarehe 1 Novemba 1976 wafanyakazi wa posta ya Cricklewood wakakataa kuzigusa barua za Grunwick. Ndani ya siku nne tu kampuni, iliyokuwa haitaki hata kusikia, ikakubali kushirikiana na ACAS, chombo cha usuluhishi wa migogoro ya kazi, na mabwana wa posta wakarudi kwenye barua zao. Siku nne! Wakati huo huo kikundi cha kisiasa cha mrengo wa kulia kilichojiita Umoja wa Kitaifa wa Uhuru kilikuwa kimeshaingiza mawakili, kikidai kwamba kuchelewesha barua ya Malkia ni kosa la jinai.

Kisha fuatana nami uone sheria inavyoweza kuzungushwa. ACAS walitakiwa wawaulize wafanyakazi kama wanakitaka chama. Wakaiomba kampuni majina na anwani za waliobaki kazini. Kampuni ikakataa kuyatoa. ACAS wakawauliza wale waliowapata, yaani waliogoma, na mwezi Machi 1977 wakapendekeza chama kitambuliwe. Kampuni ikakimbilia mahakamani ikisema uchunguzi huu ni batili kwa sababu wengi wa wafanyakazi wangu hawakuulizwa! Mwezi Julai jaji mkuu, Lord Widgery, akawapa haki ACAS. Kabla mwezi haujaisha, Mahakama ya Rufaa chini ya Lord Denning ikapindua hukumu hiyo, na mwezi Desemba Baraza la Malodi likaunga mkono kampuni. Kwa maneno mengine, aliyewaficha mashahidi alishinda kesi kwa hoja kwamba mashahidi hawakusikilizwa.

Mwaka huo 1977 ndio uliomfanya Jayaben ajulikane nchi nzima. Baridi yote alisimama langoni amevaa sari, koti zito juu yake, na mkoba mkononi. Magazeti yakampiga picha. Waandishi wa Kiingereza wakawa wanashangaa zaidi sari kuliko mgomo, na kwa kweli hata waliomwunga mkono wengi waliandika kana kwamba wamemwona twiga barabarani. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi bosi mmoja alivyomjia langoni akamdhihaki kwamba kwa sari hiyo hutashinda, bora uvae kimini. Jayaben akamjibu kwamba Bibi Indira Gandhi anavaa sari na anatawala nchi kubwa. Na alipenda kuwaambia wanawake wenzake, ambao waume na wakwe zao walikuwa wakisumbuliwa na maneno ya aibu ya mke wa watu kupiga kelele barabarani, kwamba aibu iko kwenye kuomba ruhusa ya kwenda msalani.

Walizunguka. Hilo ndilo jambo ambalo wanaosimulia Grunwick mara nyingi hulipita mbio. Wanawake ambao baadhi yao walikuwa hawajawahi kusafiri peke yao ndani ya Uingereza waligawana njia: migodi ya makaa ya Wales Kusini, viwanda vya mashine vya Glasgow, karakana za kaskazini. Walisimama mbele ya wanaume waliovaa buti na ovaroli, kwa Kiingereza chao cha Gujarat na Nairobi, wakaeleza. Waliingia katika sehemu za kazi zaidi ya elfu moja.

Na wanaume wale walikuja. Tarehe 13 Juni 1977 watu walipoitwa kujazana langoni, polisi walikamata 84 kwa siku moja. Kikosi maalumu cha polisi wa London, kilichozoeleka kwenye doria za uhalifu, kilitumwa kwa mara ya kwanza kwenye mgogoro wa kazi. Barabara ya Chapter Road, kwenye lango la kiwanda, ni nyembamba, nyumba zimeshikana kila upande, na kila asubuhi basi la kampuni lililobeba waliobaki kazini lilipita katikati ya watu waliobanwa ukutani na polisi. Tarehe 11 Julai wakafika watu wapatao 20,000. Wachimba makaa wa Yorkshire waliletwa na kiongozi wao, Arthur Scargill. Mabaharia, wahandisi, walimu. Na wafanyakazi wa bandari ya London walikuja na bendera yao.

Nisimame kidogo kwa hao wa bandari. Mwezi Aprili 1968, mbunge Enoch Powell alipotoa hotuba yake ya chuki dhidi ya wahamiaji, wapakuzi wa bandari ya London waliacha kazi, wakaandamana hadi bungeni kumwunga mkono. Miaka tisa baadaye, bandari hiyo hiyo ikaandamana Willesden nyuma ya mama wa Kihindi. Katikati hapo, mwaka 1974, Wahindi wa kiwanda cha taipureta cha Imperial mjini Leicester, wengi wao kutoka Afrika Mashariki, walikuwa wamegoma, na chama chao wenyewe kikawakana. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa. Sitaki kusema kwamba ubaguzi uliisha pale Chapter Road, haukuisha. Lakini ukinitaka nikuonyeshe kazi aliyoifanya Jayaben Desai kama kiongozi, nitakuonyesha bendera ile ya bandari, si kesi wala hukumu.

Mawaziri watatu wa serikali ya chama cha Labour nao walikuja kusimama langoni mwezi Mei, akiwemo Shirley Williams. Walikuja asubuhi moja, wakapigwa picha, wakaondoka. Posta ya Cricklewood ilipokataa tena barua za Grunwick mwezi Juni, safari hii ilikataa bila kibali cha chama chake, na wafanyakazi hao wakasimamishwa kazi. Usiku mmoja wa Julai, marafiki wa kampuni walipakia magunia ya barua kwenye malori wakaenda kuzitumbukiza kwenye masanduku ya posta mbali na London. Koo likafunguka.

Serikali ikaunda tume chini ya jaji Lord Scarman. Mwishoni mwa Agosti ikatoa ripoti: kampuni ilikosa busara, waliofukuzwa warudishwe, au walipwe fidia wale ambao nafasi zao hazipo, na chama kitambuliwe. George Ward akaisoma, akaikataa. Hakukuwa na sheria ya kumlazimisha.

Hapa ndipo ninapotaka msikilizaji uniazime sikio, kwa sababu hapa wengi humalizia hadithi kwa kumlaumu Ward. Jayaben hakuishia kwa Ward. Aliangalia nyuma yake akaona viongozi wakuu wa vyama wanarudi kinyumenyume. Walikuwa wameogopa vurugu za langoni, wameogopa magazeti, wameogopa kuiaibisha serikali ya Labour iliyokuwa ikiyumba bungeni. APEX iliwashinikiza wafute mkusanyiko mkubwa uliopangwa mwezi Agosti. Shirikisho la vyama, TUC, lilipitisha maazimio mazuri, na maazimio hayakati maji wala umeme wa kiwanda. Jayaben alisema msaada wa TUC ni asali iliyopakwa kwenye kiwiko: unaiona, unainusa, lakini ulimi haufiki.

Tarehe 21 Novemba 1977, yeye na wenzake watatu wakaketi nje ya makao makuu ya TUC, mtaa wa Great Russell, wakagoma kula. Tazama hilo jambo. Mwanachama mwenye kadi, anafunga njaa mlangoni kwa shirikisho la vyama lake mwenyewe, si kwa bosi. Na APEX ikafanya nini? Iliwasimamisha uanachama wote wanne kwa wiki nne na kuwakatia posho ya mgomo. Adhabu ambayo Ward hakuweza kuwapa, kwa kuwa alikuwa ameshawafukuza, chama kiliwapa.

Nimewahi kusikia viongozi wakitetea uamuzi huo: nidhamu ya chama, taratibu, katiba. Nazielewa. Chama kisicho na taratibu huliwa na wajanja. Ila kuna taratibu za kumlinda mwanachama na kuna taratibu za kumlinda katibu mkuu asisumbuliwe, na mwenye akili hachelewi kuzitofautisha.

Mgomo ulifungwa rasmi tarehe 14 Julai 1978, baada ya karibu miaka miwili. Hakuna aliyerudishwa kazini. Chama hakikutambuliwa. Watu wapatao 550 walikuwa wamekamatwa. Waliobaki ndani walipandishiwa mishahara wakati mgomo ukiendelea, na ni vigumu kuamini kwamba wangepandishiwa kama lango lingekuwa tupu. Kwa hiyo waliofaidi ni wale waliopita kwenye basi.

Jayaben alirudi kwenye cherehani, kisha akawa mwalimu wa ushonaji katika chuo cha Harrow. Akiwa na miaka 60 akajifunza kuendesha gari, akafaulu mtihani, akaanza kuwahimiza akina mama wa Kihindi wa mtaani kwake nao wajifunze ili wasingoje waume zao kuwapeleka kila mahali. Chama cha APEX kilimezwa na chama kikubwa cha GMB mwaka 1989, na mwaka 2007 GMB kikamvisha Jayaben nishani ya dhahabu. Miaka thelathini baada ya kusimamishwa. Alifariki tarehe 23 Desemba 2010, akiwa na miaka 77. Mwaka 2016 kipindi cha wanawake cha redio ya BBC kilitaja wanawake saba waliobadilisha zaidi maisha ya wanawake wa Uingereza kwa miaka 70. Wa kwanza alikuwa Margaret Thatcher. Jayaben Desai alikuwemo.

Kuwaweka wawili hao kwenye orodha moja si jambo dogo, kwa sababu Thatcher alijifunza kutoka Grunwick pengine kuliko vyama vyenyewe. Alipoingia madarakani mwaka 1979 sheria zilianza kutoka moja baada ya nyingine, na kufikia mwaka 1990 mfanyakazi wa Uingereza hakuruhusiwa tena kugoma kuwasaidia wafanyakazi wa mwajiri mwingine. Walichokifanya watu wa posta ya Cricklewood kwa siku nne, chama kikikiitisha leo, kinapelekwa mahakamani na kutozwa fidia. Chama cha Labour kimetawala tena tangu hapo na marufuku hiyo hakikuiondoa.

Kwa hiyo katibu wa tawi unayenisikiliza, iwe Naivasha kwenye mashamba ya maua, au Dar es Salaam kwenye viwanda vya nguo, au huko Ghuba ambako dada zetu wanafanya kazi majumbani: akikujia mama hana kadi, hajui kifungu cha sheria, na anachokueleza ni habari ya choo na saa za kurudi nyumbani, mwandikishe kwanza. Wale wa kwanza wa Grunwick walitoka nje kabla hawajajua hata jina la chama kitakachowapokea.